Nywila na michakato katika Linux

Nywila (au neno la siri) katika Linux humthibitisha mtumiaji anapoingia katika kompyuta. Kuibadilisha hakusimamishi programu ambazo mtumiaji huyo tayari anaziendesha. Programu inayoendeshwa huitwa mchakato, na mchakato hautambuliwi kwa nywila bali kwa namba ya mwenyewe.

Utendaji

Kila mtumiaji ana namba ya utambulisho iitwayo UID. Ile ya msimamizi mkuu, root, ni 0. Mtumiaji anapoandika nywila, mfumo huipitisha katika hesabu maalumu na kulinganisha matokeo na yale yaliyohifadhiwa katika faili /etc/shadow. Yakilingana, michakato anayoianzisha hupewa UID yake. Tangu hapo, kiini cha mfumo hutazama namba hiyo kinapoamua ni faili zipi mchakato uruhusiwe kusoma au kuandika. Amri passwd hubadilisha habari za mtumiaji katika /etc/shadow tu. UID hubaki ileile.

Athari

* Michakato inayoendeshwa na miunganisho ya SSH iliyo wazi huendelea.
* Kazi zilizopangwa kwa cron hufanyika kwa wakati wake.
* Mwenye ufunguo wa SSH huweza kuingia bila kuulizwa nywila.
* Kuingia upya kwa nywila, kufungua skrini na kutumia sudo huhitaji nywila mpya, ingawa sudo iliyotumika punde inaweza kukaa dakika chache bila kuuliza.
* Programu iliyohifadhi nywila ya zamani hukataliwa inapojaribu kuunganisha tena.

Usalama

Kwa sababu hiyo, kubadilisha nywila hakutoshi kumwondoa mtu. Kwa mfano, chama cha ushirika cha wakulima wa korosho kinaweza kuwa na seva moja mjini Masasi inayotumiwa pia na karani aliyeko Newala. Karani huyo akiachishwa kazi huku muunganisho wake ukiwa wazi, bado anaweza kubadilisha hesabu za malipo ya wakulima hata baada ya nywila yake kubadilishwa.

Msimamizi hufunga kwanza akaunti kwa amri usermod --expiredate 1, huondoa funguo za SSH na kazi za cron za mtumiaji huyo, kisha husimamisha michakato yake kwa pkill -KILL -u ikifuatwa na jina lake. Michakato ikisimamishwa kabla ya akaunti kufungwa, mtumiaji anaweza kuingia tena kwa ufunguo wake.