Risasi Ndogo kwa Ayala: Kasi Peke Yake Haikutosha

Hebu tuanze na fizikia ya sekondari. Nishati ya mwendo ni nusu ya masi ikizidishwa kwa kipeo cha pili cha kasi. Sasa chukua risasi, ipunguze uzito kwa nusu, halafu ongeza kasi mara mbili. Nishati haibaki ile ile, inakuwa maradufu! Hesabu hii ndiyo iliyowashawishi wawindaji wengi wa Marekani, miaka mia moja na ushee iliyopita, kwamba bunduki ya tundu dogo inamtosha ayala. Walikuwa sahihi? Nusu tu.

Kwanza tuelewane kuhusu mnyama. Wengi tunamwita "kulungu", lakini kulungu wetu ni jamii moja na ng'ombe na swala, na pembe zake hazidondoki. Ayala, yule wa Zaburi ya 42, ni wa familia ya Cervidae. Dume huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine. Kusini mwa Sahara hayupo kiasili.

Mambo yalianzia maabara. Mwaka 1884 mkemia Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, yenye nguvu kuliko ile nyeusi. Miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likashuka kutoka risasi za milimita 11 hadi 8. Kasi ilipanda mno, ikabidi risasi ivishwe koti la metali ngumu.

Wawindaji nao wakafuata. Mwaka 1912 kampuni ya Savage ilitoa risasi iliyobuniwa na Charles Newton: kipenyo karibu milimita 5.8, uzito gramu 4.5, kasi kama mita 850 kwa sekunde. Piga hesabu, utapata takriban jouli 1,650. Kwenye karatasi ilipendeza. Porini, koti jembamba lilipogonga mfupa wa bega kwa kasi ile, risasi iliweza kusambaratika juu juu, kabla ya kufika kwenye moyo na mapafu. Nishati ipo, lakini imeishia mahali pasipofaa, na mnyama anakimbia na kidonda.

Kumbe tatizo halikuwa la risasi ndogo peke yake. Mwaka 1946 John Nosler, Mmarekani, alimpiga moose, ayala mkubwa kuliko wote, kwa bunduki yenye nguvu kubwa, na mnyama hakuanguka. Risasi zilivunjika mapema mno. Akabuni risasi yenye ukuta katikati: mbele inafunguka, nyuma inabaki nzima na kuendelea kupenya. Kuanzia 1948 aliwauzia wawindaji waliojaza maganda yao wenyewe nyumbani. Hapo ndipo faida ya kujijazia inapoonekana: unachagua mwenyewe risasi inayolingana na mnyama. Tena kwa umbali mfupi, ambako risasi bado ina kasi kubwa, uimara wake ndio wa kutazamwa kwanza.

Sheria nazo zikaingilia. England na Wales, mwaka 1963, ziliweka kiwango cha chini cha kipenyo, milimita 6.1, na nishati ya jouli 2,305. Uskoti, mwaka 1985, iliruhusu kwa roe, ayala mdogo, jouli 1,356, mradi risasi isipungue gramu 3.24 na iwe ya kufunguka. Kwa vipimo hivyo, risasi ya Newton ingeweza kupita Uskoti kwa roe na kukataliwa England. Fizikia ni ile ile. Kilichotofautiana ni tahadhari ya watunga sheria.

Kwa hiyo ukisikia watu wanabishana eti kipenyo gani "kinatosha", waulize maswali matatu: risasi imeundwaje, inapigwa umbali gani, na inatua wapi mwilini? Jibu moja likikosewa, anayelipa si mpigaji. Ni ayala anayejifia kichakani saa kadhaa baadaye, bila hata kupatikana.