Umepunguza tumbo kwa upasuaji? Hiki ndicho kipimo cha chakula ukirudi nyumbani Kigoma

Kigoma. Ugali wa muhogo, migebuka na mchuzi wenye mawese ni mlo wa kawaida kabisa Gungu. Kwa mtu aliyetoka juzi kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, sahani hiyohiyo inaweza kumrudisha hospitali.

Na hospitali yenyewe mara nyingi iko mbali. Kwa reli ya kati, Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Mgonjwa akishafika nyumbani, daktari aliyempasua anapatikana kwa simu tu. Jikoni amebaki yeye na anayempikia.

Tumbo limebaki kiasi gani?

Mfuko wa chakula wa mtu mzima hubeba kama lita moja hadi moja na nusu. Upasuaji unaofanyika zaidi duniani ni wa aina mbili. Katika ya kwanza, asilimia 75 hadi 80 ya mfuko huo huondolewa na kinachobaki ni bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Katika ya pili, daktari hutengeneza kifuko kidogo cha mililita 30 hivi, kama yai la kuku, kisha hukiunganisha moja kwa moja na utumbo mdogo.

Kuna pia puto, ambalo Hospitali ya Taifa Muhimbili-Mloganzila ilianza kuwawekea wagonjwa mwishoni mwa mwaka 2022. Hilo si upasuaji. Huingizwa tumboni, hujazwa, na aina nyingi hutolewa baada ya miezi sita. Kula kidogo ni kulekule, ila puto likitoka, nafasi tumboni inarudi yote. Aliyekuwa hajazoea kipimo kipya hurudi kwenye sahani yake ya zamani haraka sana.

Wiki za mwanzo: vijiko, si sahani

Ratiba hutofautiana kati ya hospitali na hospitali, kwa hiyo karatasi uliyopewa wakati wa kuruhusiwa ndiyo ya kufuata. Kwa kawaida siku ya kwanza na ya pili ni maji na supu iliyochujwa, kwa kunywa funda dogodogo. Hadi wiki ya pili ni vya majimaji: maziwa yasiyo na mafuta mengi, mtindi, uji mwepesi usio na sukari. Wiki ya tatu na ya nne ni vya kupondwa au kusagwa hadi viwe laini. Kisha vinafuata vyakula laini, na chakula cha kawaida huanza kurudi kati ya wiki ya sita na ya nane.

Mlo mmoja wa kipindi cha kusagwa ni vijiko viwili hadi vinne vya chakula. Basi. Ikifika miezi mitatu, wengi wanaweza kula nusu kikombe hadi kikombe kimoja. Baada ya mwaka, kikombe kimoja hadi kimoja na nusu.

Hapa kisahani cha kikombe cha chai kinasaidia kuliko mizani. Ukipakua kwenye sahani kubwa, chakula kinaonekana hakuna kitu, na mkono unaongeza wenyewe.

Anza na samaki, ugali baadaye

Mgonjwa anahitaji protini gramu 60 hadi 80 kwa siku, na nafasi ya kuziweka ni ndogo mno. Ndiyo maana protini huliwa kwanza, mboga zinafuata, na wanga unakuja mwisho kama bado kuna nafasi. Akianza na ugali, tonge mbili zimeshamaliza safari.

Ugali wa muhogo una matatizo mawili. Protini yake ni kidogo sana, na unanata. Tonge lisilotafunwa vizuri linaweza kukwama kwenye njia iliyosinyaa, likaleta maumivu ya kifua na kutapika. Uachwe hadi mwisho kabisa wa ratiba, na hata hapo uanze kwa kipande kidogo.

Kwa upande wa protini, mtu wa Gungu ana bahati. Mgebuka mbichi wa kuchemsha, ukitolewa miiba yote na kupondwa, unafaa mapema. Dagaa wakavu wanaoanikwa Kibirizi wana protini nyingi ajabu, lakini wakiwa wazima ni wagumu. Wasagwe wawe unga, uchekechwe, kisha kijiko kimoja kiingie kwenye uji au supu. Yai moja lina gramu 6 hivi. Maharage yaliyopondwa yanafaa pia.

Mawese hayakatazwi, lakini kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120. Wanaopika kwa kumimina wapime kwa kijiko.

Maji yasikutane na chakula

Usinywe wakati wa kula, na subiri dakika 30 baada ya mlo. Katikati ya siku kunywa kidogokidogo hadi ufikishe angalau lita moja na nusu. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30, kila tonge likitafunwa hadi liwe laini kabisa.

Soda, juisi na chai ya sukari nyingi zina ujanja wake: hazijazi tumbo, zinapita tu, na uzito unarudi kimyakimya. Kwa aliyeunganishwa utumbo, sukari nyingi inaweza pia kuleta jasho, moyo kwenda mbio, kizunguzungu na kuharisha muda mfupi baada ya kula.

"Mbona hujala?"

Pengine hili ndilo gumu kuliko yote. Kwenye sinia la pamoja hakuna anayejua amekula kiasi gani, na mwenyeji akiona mgeni ameacha, anaongeza. Pakuliwa chako pembeni kabla wengine hawajaanza. Ukiona kwikwi, mafua ya ghafla au kubanwa chini ya kifua, hiyo ni dalili ya kushiba. Acha hapohapo, hata kama kimebaki kijiko kimoja.

Kwa wanaofunga Ramadhani, madaktari wengi hushauri kusubiri, hasa mwaka wa kwanza, kwa sababu maji hayawezi kufidiwa kwa mkupuo wakati wa futari. Zungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Lini ukimbie hospitali

Vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha yote, si vya mwezi mmoja. Kutapika kwa siku kadhaa mfululizo kunaweza kumaliza vitamini B1 mwilini na kuleta kuchanganyikiwa, kuona vibaya au kuyumba wakati wa kutembea. Hiyo ni dharura. Homa, maumivu makali ya tumbo au mapigo ya moyo zaidi ya 120 kwa dakika katika wiki za mwanzo inaweza kuwa dalili kwamba mshono unavuja.

Ukifika Maweni au kituo chochote cha afya, taja upasuaji kabla ya kitu kingine na onyesha karatasi yako. Usipotaja, unaweza kupewa diclofenac au ibuprofen kwa maumivu, na dawa hizo huweza kusababisha vidonda kwenye kifuko kipya.