Kutoka Unguja hadi Ugogo

Mji wa Unguja na mji wa Dodoma imekaa karibu latitudo moja, nyuzi 6 na dakika 10 hivi kusini mwa ikweta. Ndege hukata kilomita zipatazo 385 baina yake kwa saa moja hivi.

Mwaka 1871, Henry Morton Stanley, aliyeuandaa msafara wake Unguja, aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi. Ugogo aliiona mwishoni mwa Mei. Mlangoni mwa Ugogo palikuwa na Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunywa, ambayo mpagazi aliivuka na mzigo wake begani. Ng'ambo yake watemi wa Kigogo walidai hongo, nguo kwa mikono. Wasafiri wengi waliilalamikia. Lakini katika nchi ile kame, kisima ndicho kilichokuwa bandari, na kila bandari ina ushuru wake.

Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910, miezi iligeuka siku. Mwaka 1973 ukaamuliwa mji mkuu uhamie huko, na wawakilishi wa visiwani wakawa na safari ya Ugogo. Leo Marenga Mkali hupitwa angani. Umbali ni ule ule. Waliousafiri kwa nyayo, wengi wao hata majina hayakuandikwa.