Thamani ya Kungoja: Bei, Uwezo na Wakati wa Kununua Kompyuta nchini Rwanda, 2000–2025

Utangulizi

Mwezi Januari 2007 Serikali ya Rwanda ilikubali kujiunga na One Laptop per Child, mpango wa kimataifa uliokusudia kumpa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kompyuta yake mwenyewe. Mashine iliyoahidiwa ilikuwa bado haijaanza kutengenezwa kwa wingi. Uzalishaji huo ulianza Novemba mwaka huohuo. Bei iliyotangazwa tangu 2005 ilikuwa dola 100 za Marekani, lakini mashine ilipotoka kiwandani iligharimu takribani dola 188. Mnunuzi wa Kigali alikuwa ameingojea bidhaa ambayo bei yake ilizidi kupanda kadiri alivyoingojea.

Jambo hilo linapingana na mazoea. Historia ya kompyuta kwa kawaida husimuliwa kama historia ya kushuka kwa bei: anayenunua leo hulipa zaidi kwa mashine dhaifu, na anayevuta subira hupata iliyo bora kwa fedha ileile. Hoja inayotetewa katika makala hii ni kwamba kanuni hiyo ilizaliwa katika mazingira ya sarafu imara, umeme wa uhakika na bandari iliyo karibu. Nchini Rwanda, katika robo ya kwanza ya karne hii, gharama ya kungoja iliamuliwa na mambo hayo matatu kuliko ilivyoamuliwa na kasi ya chipu. Wahenga walituachia methali mbili zinazovutana, ile ya subira kuvuta heri na ile ya ngoja ngoja kuumiza matumbo; mshauri wa sera anayezijua zote mbili bado anahitaji kujua ni wakati gani ipi inatumika.

Hesabu ya mngojaji

Mwaka 1965 Gordon Moore alitabiri kwamba idadi ya vijenzi katika chipu moja ingeongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 aliirekebisha kauli yake, akasema kila miaka miwili. Utabiri huo uligeuka kuwa kalenda ya sekta nzima: watengenezaji waliupangia bidhaa zao, na wanunuzi waliupangia bajeti zao.

Mwaka 1999 wanaastronomia wa Chuo Kikuu cha Arizona waliufikisha mantiki yake ukingoni. Wakichukulia kwamba uwezo wa kompyuta huongezeka maradufu kila miezi 18, walionyesha kwamba kokotoo lolote ambalo lingechukua zaidi ya miezi 26 hivi kwa mashine ya leo litakamilika mapema zaidi ikiwa mtafiti atakaa bure kwanza, kisha anunue mashine mpya baadaye. Andiko hilo lina utani ndani yake, lakini hisabati yake ni sahihi. Lina sharti moja lisilosemwa kwa sauti: kwamba kazi inayongojewa haiharibiki kwa kungojewa. Nyota zinaweza kungoja miezi 26. Mtoto wa darasa la nne hawezi.

Sarafu, barabara na umeme

Rwanda iliingia katika hesabu hii kwa makusudi. Dira ya 2020, iliyopitishwa mwaka 2000, ililenga kuiondoa nchi katika kutegemea kilimo cha kujikimu na kuipeleka kwenye uchumi wa maarifa. Mpango wa kwanza wa kitaifa wa teknolojia ya habari na mawasiliano ulianza 2001, na ukafuatwa na mingine ya miaka mitano mitano. Mipango hiyo ilihitaji mashine, na zote ziliagizwa kutoka nje kwa dola.

Hapo ndipo kanuni ya mngojaji inapovunjika kwanza. Mwaka 2008 dola moja ilibadilishwa kwa faranga 550 hivi za Rwanda. Kufikia 2024 ilikuwa imepita faranga 1,300. Mashine ya dola 188 iliyohitaji faranga zipatazo 103,000 mwanzoni mwa kipindi hicho ingehitaji zaidi ya 240,000 mwishoni mwake. Hata mashine ambayo bei yake ya dola ingeshuka hadi nusu katika miaka hiyo ingekuwa imepanda kwa karibu sehemu moja ya tano kwa faranga. Mishahara na mapato ya serikali navyo viliongezeka, na hilo halipaswi kusahauliwa. Hata hivyo, yeyote aliyemshauri mkuu wa shule angoje mwaka ujao kwa sababu “kompyuta zinashuka bei” alikuwa akizungumzia bei ya nchi nyingine.

Barabara ilikuwa na hesabu yake. Kigali iko kilomita 1,500 hivi kutoka bandari ya Dar es Salaam, na takribani 1,700 kutoka Mombasa. Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao Rwanda ilianza kuutumia Julai 2009, haukutoza ushuru wa kuingiza kompyuta. Lakini kufutwa kwa ushuru hakufupishi barabara. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya mwanzoni mwa 2008 zilikatiza usafirishaji katika njia ya Mombasa, na uhaba wa mafuta ukafika hadi Kigali. Kompyuta iliyokwisha kulipiwa ilipokwama njiani, mnunuzi aliingia katika aina ya kungoja isiyoongeza uwezo wa mashine hata kidogo.

Umeme ndio uliokuwa na uzito kuliko yote. Mwaka 2004 kina cha maziwa ya Burera na Ruhondo kilipungua, mitambo ya Ntaruka na Mukungwa ikashindwa kutoa umeme wa kutosha, na nchi ikalazimika kukodi jenereta za dizeli. Miaka minne baadaye, kaya zilizounganishwa na umeme hazikuzidi takribani asilimia 6. Kompyuta ya mezani ya wakati huo, pamoja na ile skrini yake nzito ya kioo, ilitumia wati mia na zaidi, na nje ya hiyo ilihitaji betri ya akiba ili isizimike ghafla umeme ulipokatika. Bei ya dukani ilikuwa malipo ya kwanza tu. Yaliyofuata yalilipwa kila mwezi, penye umeme; pasipo na umeme, uwezo wa mashine ulikuwa sifuri, kichakataji chake kiwe cha kizazi gani.

Mashine dhaifu iliyonunuliwa mapema

Kwa kuzingatia hayo, uamuzi wa kuchukua kipakatalishi cha XO unastahili kusomwa upya. Kwa vipimo vya duka, XO ilikuwa duni: kichakataji cha megahezi 433, kumbukumbu ya megabaiti 256 na hifadhi ya gigabaiti moja. Asus Eee PC, iliyoingia sokoni mwezi Oktoba 2007, ilikuwa na kumbukumbu maradufu na hifadhi mara nne, ingawa nchini Marekani iliuzwa kwa dola 399. Lakini XO ilitumia wati chache tu, na skrini yake ilisomeka juani. Anayepima uwezo kwa megahezi ataiona dhaifu; anayeupima kwa kazi inayofanyika kwa kila wati atafikia hukumu nyingine.

Je, Rwanda ingengoja? Toleo la XO-1.5, lenye kichakataji cha gigahezi 1 na hifadhi ya gigabaiti 4, lilianza kupatikana mwaka 2010. Uwezo uliongezeka maradufu na zaidi ndani ya miaka mitatu, karibu kama Moore alivyotabiri. Wanaosema serikali ilikuwa na pupa wanaegemea tarakimu hizi. Mpango wa Rwanda, hata hivyo, ulilenga madarasa ya nne hadi ya sita. Mwanafunzi aliyeanza darasa la nne Januari 2008 alimaliza shule ya msingi mwishoni mwa 2010. Kungoja mashine bora kulikuwa na maana ya kuliacha kundi zima la wanafunzi lipite bila kugusa kompyuta, kisha kuwapa wadogo zao mashine yenye kasi zaidi.

Hata hivyo, hoja hii isichukuliwe kuwa utetezi kamili wa mpango huo. Zaidi ya kompyuta 200,000 ziligawiwa katika miaka iliyofuata, na nyingi zilifika shuleni kabla ya soketi za kuzichajia na kabla ya walimu kuandaliwa. Walimu hao, tangu uamuzi wa Oktoba 2008, walikuwa pia wakihamia kufundisha kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Ni nadra kwa mtumishi wa umma kubebeshwa mabadiliko mawili makubwa kiasi hicho kwa pamoja. Nchini Peru, utafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika uliotolewa mwaka 2012 haukuona tofauti katika alama za hisabati na lugha kati ya shule zilizopewa XO na zisizopewa. Kosa la Rwanda, kama lilikuwapo, halikuwa kununua mapema. Mashine ilitangulia, na vile ambavyo havishuki bei kwa kungojewa, yaani nyaya, walimu na mafundi, vikafuata nyuma.

Baadaye mwelekeo ulibadilika. Kampuni ya Positivo BGH, yenye asili ya Brazili na Argentina, ilianza kuunganisha kompyuta mjini Kigali mwaka 2015, na sera ya elimu ikahama kutoka kompyuta ya kila mtoto hadi chumba kimoja cha kisasa kinachotumiwa na madarasa kwa zamu. Ilikuwa ni kukiri kwamba mashine chache zinazofanya kazi kila siku zina uwezo mkubwa kuliko nyingi zilizofungiwa kabatini.

Kompyuta ya mezani na tarehe za watu wengine

Ofisini na katika maduka ya huduma za kuchapa, kompyuta ya mezani ilifuata njia yake. Faida yake kubwa kwa mwenye fedha kidogo ni kwamba huruhusu kungoja kwa awamu: mwaka huu kumbukumbu inaongezwa, mwaka ujao diski inabadilishwa, kasha na skrini vinabaki vilevile. XO, ambayo kumbukumbu yake ilikazwa moja kwa moja kwenye ubao wa saketi, haikuwa na fursa hiyo. Hata njia ya awamu haikuwa salama daima. Mafuriko ya Thailand mwaka 2011 yalipandisha bei za diski duniani kote, na uhaba wa chipu uliofuata janga la UVIKO-19 ukawafundisha wanunuzi somo hilohilo.

Mitumba ilikuwa jibu jingine, na eneo hili halikukubaliana juu yake. Uganda, katika bajeti ya 2009, ilitangaza kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta zilizotumika kwa hofu ya taka. Nchini Kenya, shirika la Computers for Schools Kenya lilikuwa tangu 2002 likikarabati mashine za aina hiyohiyo kwa ajili ya shule. Upande mmoja ulihesabu miaka iliyopita katika maisha ya mashine, mwingine ukahesabu iliyobaki.

Kinachozidi kuamua miaka iliyobaki ni programu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Katika nyakati hizo mbili, mashine nyingi za zamani ziliweza kuhamishiwa toleo lililofuata baada ya kuongezewa kumbukumbu. Tarehe 14 Oktoba 2025, zamu ya Windows 10 ilipofika, njia hiyo ilibanwa: Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kichakataji kilicho katika orodha rasmi, na vichakataji vingi vilivyouzwa kabla ya 2018 havimo. Kompyuta ya mezani iliyonunuliwa mwaka 2016, ikaongezewa kumbukumbu na kuwekewa diski mpya ya kasi, inawaka vizuri, inachapa barua na kufungua huduma za serikali mtandaoni, lakini haimo katika orodha. Mwenye ofisi anaweza kulipia nyongeza ya muda wa usalama, kuhamia mfumo huria wa Linux, au kununua upya kwa kiwango cha faranga cha siku hiyo.

Zinazokataliwa hupelekwa Bugesera, kusini mwa Kigali, kwenye kituo cha kuchakata taka za kielektroniki. Huko mafundi huzifungua moja moja, na zile zinazoonekana bado kufaa hutengwa kwa ajili ya ukarabati.