Ulanzi

Ulanzi ni pombe ya asili inayotokana na utomvu wa mianzi michanga. Una rangi nyeupe kama maji yaliyooshea mchele na povu kidogo juu. Hugemwa hasa na Wahehe na Wabena katika mikoa ya Iringa na Njombe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Wageni huuita divai ya mianzi, lakini kwa namna unavyopatikana uko karibu zaidi na tembo la mnazi la pwani kuliko divai ya zabibu.

Mmea na ugemaji

Mmea wenyewe huitwa mlanzi (jina la kisayansi: Oxytenanthera abyssinica). Ugemaji hufanyika majira ya mvua, wakati machipukizi mapya yanapotoka ardhini. Mgema hukata ncha ya chipukizi lingali laini, kisha hurudi asubuhi na jioni kuparaza kipande chembamba ili utomvu uendelee kutiririka. Chini ya mkato hufungwa mbeta, yaani kipande cha mwanzi mkavu kinachopokea utomvu.

Hakuna chachu inayoongezwa. Hamira ya asili na bakteria waliobaki ndani ya mbeta huanza kazi mara moja, hivyo utomvu unachacha ukiwa bado unadondoka.

Chipukizi lililogemwa halikui tena kuwa mwanzi mrefu. Mwenye shamba anapaswa kuchagua: kinywaji cha msimu huu, au miti ya kujengea, kusukia vikapu na kuwekea uzio baadaye. Akigema machipukizi yote, shina hudhoofika.

Mtogwa na mkangafu

Ulanzi mbichi wa siku hiyohiyo ni mtamu na huitwa mtogwa. Ukikaa, sukari hugeuka kuwa kilevi, utamu hupungua na ukali huongezeka. Huu ndio mkangafu. Kilevi chake hufikia takriban asilimia 5, karibu sawa na bia. Baada ya hapo huelekea kuwa siki.

Watu wengi huuchukulia mtogwa kama soda na huwapa hata watoto. Hilo si sahihi, kwa kuwa uchachukaji huanza ndani ya mbeta na kilevi kimo tayari, hata kama ni kidogo.

Katika bonde la Kilombero

Mngeta, katika mkoa wa Morogoro, iko chini ya Milima ya Udzungwa. Uhehe uko upande wa juu wa milima hiyo. Bonde limeunganishwa pia na Makambako, mkoani Njombe, kwa reli ya TAZARA inayopita Ifakara na Mlimba. Hata hivyo ulanzi ni msafiri mbaya. Mji wa Iringa uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, ilhali sehemu kubwa ya bonde iko chini ya mita 400 na joto lake ni kali. Uchachukaji huenda kasi zaidi penye joto, kwa hiyo ulioondoka juu ukiwa mtogwa hufika chini ukiwa umebadilika. Dumu lililofungwa kwa nguvu huvimba kwa gesi, ndiyo maana kifuniko huachwa kimelegea. Wauzaji wengine huongeza maji na sukari ili kurudisha utamu. Methali ya mgema anayesifiwa akalitia tembo maji ilizaliwa kwenye minazi, lakini inaufaa ulanzi pia.

Vyakula

Huko juu, ulanzi hunywewa vilabuni pamoja na nyama ya kuchoma, kitimoto, viazi au mahindi ya kuchoma. Mafuta na chumvi ya nyama hupunguza ukali wa mkangafu, na uchachu wa mkangafu husafisha mafuta mdomoni.

Kanuni hiyohiyo hutumika kwingineko. Huko Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania, divai nyeupe ya Albariño hunywewa na samaki na chaza, kwa kuwa uchachu wake hufanya kazi ya limau. Kwa Kilombero, mfano wa karibu ni kambale au kitoga wa kukaanga kwa wali: samaki hawa wenye mafuta hupatana na ulanzi uliokwisha kuchacha. Mtogwa haufai hapo, kwani utamu wake huifunika ladha ya samaki. Unapatana zaidi na karanga au muhogo wa kuchoma.

Msimu wa mvua ukiisha, utomvu hupungua na ulanzi huadimika hadi mvua zinazofuata, kwa kuwa hauhifadhiki miezi kama divai ya chupa.