Sauti ya Kuazima: Hatsune Miku na Singeli

Jumamosi moja nilikuwa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, nikijaribu spika ndogo. Muuzaji, kijana wa miaka ishirini hivi, aliniambia, "Kaka, weka ngoma yako mwenyewe uisikilize." Niliunganisha simu, na wimbo uliotokea ukawa "Hatsune Miku no Shōshitsu", yaani "Kutoweka kwa Hatsune Miku", uliotungwa na Mjapani anayejiita cosMo. Una mapigo 240 kwa dakika, na maneno yake yanamwagika kama mchele kwenye gunia lililotoboka. Kijana aliacha kuhesabu chenji.

"Hii singeli ya wapi, kaka?"

Nikamweleza kwamba ni ya Japani, na anayeimba si mtu bali kompyuta. Akasogeza sikio karibu na spika, akatulia, kisha akasema, "Lakini anajua kuchana."

Wimbo ule nilikuwa nimeurudia wiki chache tu kabla ya siku hiyo. Nilipokuwa sekondari nilizinakili nyimbo za Miku kwenye memori kadi, nikazisikiliza usiku kwa siri kwa sababu wenzangu waliziona ni katuni za watoto. Baadaye niliziacha, nikiamini kwamba mtu mzima husikiliza nyimbo zinazotoka katika koo la mwanadamu. Swali la kijana yule lilinionyesha kwamba nilikosea, na kwamba jibu lilikuwa mtaani kwetu siku zote.

Tuanze na Miku mwenyewe. Mwaka 2004 programu za kwanza za Vocaloid, teknolojia ya kampuni ya Yamaha, ziliingia sokoni. Tarehe 31 Agosti 2007 kampuni ya Crypton Future Media ya mjini Sapporo ikatoa sauti iliyoipa jina la Hatsune Miku. Mwigizaji Saki Fujita alirekodiwa akitamka vipande vya maneno, vipande vile vikahifadhiwa, na mtunzi aliyeko chumbani kwake huandika lahani na maneno, kisha programu huviunganisha vipande hivyo vikawa wimbo. Mtunzi asiyekuwa na mwimbaji, asiyekuwa na bendi wala pesa ya studio, akapata mtu wa kumwimbia.

Kwa nini basi sikio la Dar es Salaam liitambue sauti hiyo upesi namna ile? Naona sababu iko kwenye silabi. Kijapani kina irabu tano, a, e, i, o, u, kama Kiswahili, na silabi zake nyingi huishia kwenye irabu. Hata jina la Miku unaweza kulisoma kama la binti wa Tandika. Washairi wa pande zote mbili huhesabu mizani. Tanka ya Kijapani huenda kwa mizani 5, 7, 5, 7 na 7. Shairi letu la kawaida lina mizani 16 katika kila mshororo, 8 ukwapi na 8 utao, na utenzi huenda kwa 8. Zaidi ya hapo, neno "mtu" kwetu lina mizani 2, kwa kuwa "m" inasimama peke yake. Kwao neno "hon", yaani kitabu, nalo lina mizani 2, kwa kuwa "n" inasimama peke yake. Vocaloid inaposhona wimbo kwa silabi, inafanya kwa mashine kazi ambayo malenga wetu waliifanya kwa vidole vya mkono.

Singeli, muziki wetu wa kasi, imejengwa juu ya msingi huohuo. Imekulia uswahilini, katika mitaa kama Manzese, Tandale na Mburahati, kwenye sherehe za vigodoro zinazokesha hadi alfajiri. Mapigo yake hupita 200 kwa dakika, na mara nyingine hukaribia 300. MC anaweza kukimbia hivyo bila kumeza maneno kwa sababu karibu kila silabi inatua kwenye irabu yake. Msikilize Msaga Sumu: hata mwendo ukiwa mkali kiasi gani, silabi unazisikia moja moja. Kabla ya singeli kulikuwa na mchiriku, na kundi kama Jagwa Music lilipiga kinanda kidogo cha Casio kwenye vipaza sauti vilivyochakaa hadi mtaa mzima ukatikisika. Casio nayo ni ya Tokyo. Kwa hiyo mashine ya Kijapani iliimba uswahilini kwetu muda mrefu kabla sijamjua Miku.

Hata hivyo mila hizi mbili zimeshika njia zilizopishana. Wajapani walichukua mashine wakaifundisha kuimba kama binti, na ilipoweza, watunzi kama cosMo wakaipa maneno ya kasi ambayo pumzi ya mwanadamu huyafuata kwa taabu. Uswahilini kwetu ni mtu aliyejifunza mwendo wa mashine. Prodyuza huchukua kipande cha taarabu, kinanda au sauti ya mwimbaji, akakikimbiza mpaka kikawa chembamba kama sauti ya mtoto, kisha MC akasimama na maiki na kuufuata mwendo huo kwa mapafu yake mwenyewe. Japani mashine inamkimbiza mwimbaji. Mburahati mwimbaji anaikimbiza mashine. Na pande zote mbili hukutana tena pale vijana wa Kijapani wanapoziimba nyimbo za Miku kwa makoo yao na kujirekodi, kwa kuwa wimbo mzuri humtamanisha mtu auimbe mwenyewe.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Katika muziki mambo yamekuwa tofauti, kwa sababu kuazima sauti ni desturi yetu ya zamani. Katika taarabu, mara nyingi mtunzi wa shairi ni mmoja na mwimbaji ni mwingine: mwenye maneno humpa mwenye sauti, na msikilizaji hulia kwa machozi ya wote wawili. Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi santuri, na tangu hapo sauti yake ikaingia katika nyumba ambazo yeye hakuwahi kukanyaga. Sauti isiyo na mwili si ngeni pwani hii. Anayesema kwamba Miku si muziki kwa sababu hana koo anapaswa kutueleza santuri ilikuwa na koo gani.

Lakini deni la kuazima hulipwa, na hapa Japani imetutangulia. Kila mpenzi wa Miku anajua kwamba sauti ile ni ya Saki Fujita. Jina lake linakwenda na sauti yake. Kwetu, sauti nyingi za taarabu zinazokimbizwa ndani ya singeli hazina jina. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso" kutoka studio ya Sisso, Mburahati, na ulimwengu ukawajua maprodyuza wetu. Heshima hiyo wanaistahili. Wanaistahili pia akina mama walioimba vipande vile kwa mara ya kwanza, kwenye kumbi za harusi, wakiwa wamevaa dera na kushika leso.

Ombi langu kwa maprodyuza wa singeli ni moja. Unapokata sauti ya mwimbaji wa taarabu ukaikimbiza, andika jina lake kwenye wimbo wako. Yeye ndiye Saki Fujita wako.