Ng'ombe wa Shaba wa Mfalme Rumanyika



Mwishoni mwa karne ya 18, mtawala mmoja wa Peddapuram, upande wa mashariki wa Bara Hindi, alisubiwa jeshi la askari wadogo wa shaba. Wako watakaoviita vichezeo. Lakini mtawala hupamba nyumba yake kwa kile anachokitegemea, naye alitegemea jeshi.

Sisi wa Ngara na Biharamulo hatuna haja ya kuvuka bahari kutafuta mfano wa jambo hili. Ulikuwapo kaskazini yetu, katika Karagwe, nyumbani kwa Mfalme Rumanyika. Speke alimfikia mwaka 1861. Stanley alipofika mwaka 1876, alionyeshwa nyumba ya hazina. Humo aliona bata 16 hivi wa shaba ya manjano wenye mabawa ya shaba nyekundu, sanamu 10 mfano wa pofu, na ng'ombe 10 wa shaba nyekundu wasio na vichwa. Mikuki ilikuwapo pia. Lakini sanamu zile zilikuwa za wanyama, si za askari.

Kwa nini ng'ombe? Kwa sababu katika nchi ile mfalme alijipatia watu kwa kuwagawia ng'ombe, na aliyepewa ng'ombe alimjua bwana wake. Na kwa nini madini? Kwa sababu nyundo ya mhunzi ilikuwa miongoni mwa alama za ufalme. Na Ndagara, babaye Rumanyika, husimuliwa kuwa alikuwa mhunzi hodari. Shaba ililetwa na wafanya biashara kutoka mbali, bali chuma kilikuwa cha nchi zetu wenyewe. Hapa Biharamulo, Barongo walijenga tanuru, wakavukuta mivuo, wakayeyusha mawe hata yakawa majembe.

Miaka ya 1890 ikaja sotoka. Ng'ombe wakafa makundi kwa makundi, na utajiri wa wakubwa ukaisha pamoja nao. Lakini ng'ombe wa chuma hawakuugua, na baadhi ya vitu vya hazina ile vimehifadhiwa mpaka leo. Mali iliyosifiwa ilipotea. Kazi ya mhunzi, mtu wa masizi na jasho, imedumu.

Basi, enyi vijana, jembe likigonga mavi ya chuma shambani, msiyatupe kama mawe. Waulizeni kwanza wazee: Tanuru hii ilikuwa ya nani?